John Murray na Tope la Bahari Kuu

Manahodha wetu wa kale walipotupa bildi waliangalia kilichonasa chini yake, mchanga au tope, wakajua walipo. Sir John Murray naye alitupa bildi, tena katika vilindi visivyopata kupimwa, ila yeye alitaka tope limwambie mengine.

Alizaliwa Kanada mwaka 1841, wazazi wake Waskoti. Katika Chuo Kikuu cha Edinburgh alisoma alichokipenda, shahada asichukue. Mwaka 1872 merikebu Challenger ilikuwa karibu kung'oa nanga kuizunguka dunia, pakatokea nafasi moja ya mtaalamu, akaingia yeye.

Tope lililopandishwa lilijaa magamba ya chokaa, madogo kama chembe za mchanga, ya vijidudu viitwavyo foraminifera. Mkuu wa safari, Wyville Thomson, aliamini kuwa vijidudu hivyo huishi huko huko chini. Murray akakokota nyavu za kitambaa laini juu juu ya maji, akavikuta humo vi hai. Kumbe huishi juu, na vikifa magamba huzama. Thomson, kwa uungwana wake, akakubali kwamba alikosea. Baadaye Murray akaonyesha kuwa aina za magamba yaliyoko chini hufuata joto la maji yaliyo juu yake. Hapo ndipo waliomfuata walipopata njia: kuchimba tope tabaka kwa tabaka na kusoma hali ya bahari ya zama zilizopita.

Utajiri wake ulitoka katika Bahari hii ya Hindi, kwenye fosfeti ya kisiwa cha Christmas. Waliopasua mawe hayo walikuwa vibarua wa Kichina, na wengi wao walikufa kwa beriberi. Habari hiyo haifai kufichwa. Murray mwenyewe alikufa katika ajali ya gari mwaka 1914.

Fedha alizoacha ndizo zilizogharimia safari ya 1933 hadi 1934 ya Mabahith, meli ya Misri yenye mabaharia Wamisri na mganga wao Hussein Fawzi. Ilipima bahari na kuchota tope, ikafika Mombasa na Unguja.

Siku hizi wataalamu huhesabu aina iitwayo Globigerina bulloides, ipendayo maji ya baridi ambayo kusi huyapandisha pwani za Somalia na Omani. Ikizidi katika tabaka, kusi ya enzi hiyo ilikuwa kali; ndiyo kusi iliyowapeleka babu zetu Maskati. Na Malindi, tumbawe moja lililotobolewa limetoa kumbukumbu ya kila mwaka, tangu 1801 hadi 1994: maji yetu yameongezeka joto kwa kadiri ya digrii 1.3.