Amiri Abdulkadir na Vita vya Sidi Brahim

Wengi wetu tumezoea kusikia kwamba Waalgeria walianza kupigania uhuru wao Novemba 1954. Sisi twaona habari hiyo inaanzia mbali zaidi, mpakani mwa Morocco, Septemba 1845.

Amiri Abdulkadir bin Muhyiddin alizaliwa mwaka 1808 karibu na Mascara, katika nyumba ya elimu na tariqa ya Qadiriyya. Wafaransa walipokwisha kuitwaa Algiers, makabila ya magharibi yalimpa bai'a mwaka 1832, naye hajatimiza miaka 25. Akasimamisha dola, akaweka makadhi, akaunda jeshi. Kufikia 1844 dola hiyo ilikuwa imevunjwa, na Sultani wa Morocco, aliyeshindwa vitani Isly, akafungwa na mkataba asimpe hifadhi tena.

Mtu aliyedhaniwa amekwisha ndiye aliyevuka mpaka mwaka uliofuata. Kamanda Montagnac alitoka ngome ya Ghazaouet na askari wapatao 400 kumkabili. Akauawa yeye na wengi wao. Waliosalia, kama 80 hivi, walijifungia katika kaburi la walii Sidi Brahim, wakavumilia kiu kwa siku kadhaa, kisha wakatoka kujaribu kurudi. Waliofika hawakuzidi 20.

Hapa hatuna budi kusema na lisilopendeza. Aprili 1846, Amiri akiwa mbali na kambi yake, mateka waliokuwemo waliuawa. Yeye ndiye aliyekuwa ameamuru mateka watendewe wema, na sheria yetu haimwachii mwenye dhamana kusema tu kwamba hakuwepo. Doa hilo adui zake hawakuacha kulitaja.

Desemba 1847 alisalimu amri kwa ahadi ya kwenda nchi ya Kiislamu. Ahadi ikavunjwa, akafungwa Ufaransa hadi 1852. Hata hivyo, ghasia zilipozuka Damascus mwaka 1860, alitoka na watu wake akawakinga maelfu ya Wakristo, na balozi mdogo wa Ufaransa akiwa miongoni mwao.

Alifariki huko Damascus mwaka 1883, akazikwa kando ya Ibn Arabi. Algeria ilipata uhuru 1962, na mwaka 1966 mabaki yake yakarejeshwa Algiers, yakazikwa makaburi ya El Alia.