Augustino wa Hippo: Imani Isiyoanguka na Mji

Ipo fikira iliyoenea miongoni mwetu Wakristo kwamba imani ni kinga dhidi ya misukosuko ya dunia. Ati watu wakiomba vya kutosha serikali haitayumba, bei ya unga haitapanda, na mshahara utafika kabla ya mwisho wa mwezi. Ipo na fikira ya pili, iliyo kinyume cha hiyo, kwamba maadamu dunia inapita, muumini hana haja ya kujishughulisha na siasa wala uchumi wake. Mimi nazikataa zote mbili. Shahidi wangu ni Mwafrika aliyefariki yapata miaka 1,600 iliyopita, mwalimu kwa kazi yake ya kwanza, ambaye aliishi hadi akayaona majeshi ya adui yakiuzingira mji wake. Huyo ni Augustino wa Hippo.

Wengi wetu tunalijua jina lake tu, kwa kuwa shule na makanisa kadha wa kadha yameitwa kwalo. Wanafunzi hustaajabu wanapoambiwa kuwa hakuwa Mzungu. Alizaliwa tarehe 13 Novemba, mwaka wa 354, katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo huitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Afrika Kaskazini ilikuwa wakati huo chini ya Dola ya Roma, na ngano yake ndiyo iliyoulisha mji wa Roma wenyewe. Baba yake, Patricius, alikuwa na shamba dogo na kiti katika baraza la mji. Kiti hicho kilikuwa mzigo kuliko heshima, kwani wajumbe wa mabaraza walidaiwa kodi ambayo raia wameshindwa kulipa. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo mwenye bidii, ilhali mumewe alikubali ubatizo alipokaribia kufa.

Mwanafunzi aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa sababu ya karo na amsikilize Augustino. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita aliitwa kutoka shule ya Madauros akakaa nyumbani mwaka mzima, kwa sababu baba yake hakuwa na fedha za kumpeleka mbele. Mwaka huo wa uvivu ulimponza. Aliuza muda wake kwa marafiki wabaya, wakawa wakiiba matunda ya jirani si kwa njaa bali kwa utundu. Hatimaye tajiri mmoja wa mjini kwao, Romanianus, alijitolea kumsaidia, na kijana akaenda Carthage, mji mkuu wa eneo hilo. Naamini kwamba mtu huyo aliyelipa karo ya mtoto wa mwenzake alilifanyia bara hili kazi kubwa kuliko alivyojua.

Augustino alisoma balagha, yaani ufundi wa kusema na kushawishi, kisha akaifundisha Thagaste na Carthage. Walimu watakaoyasoma maisha yake watacheka na kusikitika kwa pamoja. Carthage wanafunzi walikuwa wakorofi, wakiingia madarasani ovyo na kuvuruga masomo. Alipohamia Roma mwaka wa 383 akakuta nidhamu nzuri, lakini pia akakuta hila nyingine: siku ya kulipa ilipowadia, wanafunzi walihama kwa pamoja wakaenda kwa mwalimu mwingine. Mwaka uliofuata akapata kazi ya kuajiriwa na dola mjini Milan, makao ya Kaisari. Kwa macho ya dunia, mtoto wa shamba dogo alikuwa amefika.

Kazi hiyo ilimtaka, pamoja na kufundisha, atunge hotuba za kumsifu Kaisari. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba alikuwa akitunga uongo mbele ya watu waliojua fika kuwa ni uongo, nao wakimshangilia. Siku moja, akiwa na wasiwasi wa hotuba ya namna hiyo, alimwona njiani maskini mlevi akicheka, akatambua kwamba ombaomba yule alikuwa na raha ambayo yeye msomi hakuwa nayo. Hapana shaka tukio hilo lilimchoma. Aidha, alikuwa akiyasikiliza mahubiri ya Askofu Ambrose wa Milan. Mwaka wa 386 aliamua kumfuata Kristo, akajiuzulu ualimu wake wa dola, na mwaka wa 387, usiku wa Pasaka, akabatizwa pamoja na mwanawe Adeodatus. Monika, aliyemwombea kwa miaka mingi, alifariki mwaka huo huo katika bandari ya Ostia wakiwa safarini kurudi Afrika.

Nia yake ilikuwa kuishi maisha ya kimya ya sala na vitabu. Lakini mwaka wa 391 alipopita Hippo, mji wa bandari ambao leo ni Annaba, waumini walimkamata kanisani wakamtaka awe kasisi wao. Alilia machozi. Miaka michache baadaye akawa askofu, na Hippo ikawa kituo chake kwa takribani miaka 40. Asubuhi zake nyingi zilipotea katika kuamua kesi za watu: mashamba, mirathi, madeni, ugomvi wa ndugu. Hakuipenda kazi hiyo, lakini aliifanya, kwa sababu mnyonge hakuwa na mahali pengine pa karibu pa kupata haki.

Tarehe 24 Agosti, mwaka wa 410, habari ya kutisha iliuzuka ulimwengu. Wagothi, wakiongozwa na Alaric, waliingia Roma wakaipora kwa siku tatu. Mji huo haukuwa umetekwa na adui wa kigeni kwa muda wa miaka 800 hivi. Wakimbizi, wakiwamo matajiri wakubwa, walivuka bahari wakaja Afrika. Masoko yalitikisika, na nyoyo vilevile. Wafuasi wa miungu ya kale wakasema kwamba Roma imeanguka kwa kuwa imeiacha miungu yake na kumfuata Kristo. Nao Wakristo wengi, waliokuwa wamezoea kuiona dola ya Kikristo kama kazi ya Mungu isiyoweza kuvunjika, walibaki vinywa wazi.

Jibu la kwanza la Augustino halikuwa kitabu. Alikuwa mbali na nyumbani kwa ajili ya afya yake, na huko akasikia kwamba watu wa Hippo, kwa hofu ya nyakati hizo, wameacha desturi yao ya kuwavika maskini nguo kila mwaka. Akawaandikia barua. Hoja yake ilikuwa kwamba kutikisika kwa dunia si sababu ya kupunguza wema bali ni sababu ya kuuzidisha. Mtu anayeona nyumba ikitaka kuporomoka huihamisha mali yake mapema, na kumpa maskini ndiyo njia ya kuihamishia mali mahali salama. Barua hiyo fupi yanifunza zaidi ya vitabu vingi. Dola kubwa kuliko zote ilikuwa imejeruhiwa, na askofu aliuliza: je, maskini wetu wana nguo?

Kitabu kilifuata. Kwa kuhimizwa na rafiki yake Marcellinus, mjumbe wa Kaisari katika Afrika, alianza kuandika Mji wa Mungu, kazi iliyomchukua tangu mwaka wa 413 hivi hadi 426, na kujaza vitabu 22. Kwa muhtasari alidai kwamba wanadamu wamegawanyika katika miji miwili, si kwa mipaka wala kabila wala chama, bali kwa kile wanachokipenda: mmoja huipenda nafsi hata kumdharau Mungu, na mwingine humpenda Mungu hata kuisahau nafsi. Miji hiyo imechanganyika humu duniani, hata ndani ya kanisa lenyewe. Kwa hiyo hakuna dola inayoweza kuitwa Mji wa Mungu, na kuanguka kwa dola si kuanguka kwa Mungu. Alithubutu kusema pia kwamba ufalme usio na haki hautofautiani na genge kubwa la wanyang'anyi. Hata hivyo hakuwaambia Wakristo waukimbie mji wa dunia. Amani ya mji huo, pamoja na sheria zake na mkate wake, ni kitu chema ambacho waumini hukitumia, na ambacho wanapaswa kukiombea na kukitunza.

Msomaji asidhani kwamba aliandika hayo akiwa ametulia. Mwaka wa 413 Marcellinus, ambaye vitabu vya kwanza viliandikiwa yeye, alikamatwa kwa tuhuma za kuhusika katika uasi. Augustino aliyekuwa Carthage alijitahidi kumwokoa, akapewa matumaini, na ghafla rafiki yake akauawa. Askofu akaondoka mjini humo kwa uchungu. Aliendelea kuandika kitabu kile kile akijua sasa, kwa msiba wake mwenyewe, jinsi ahadi za wakubwa zinavyoweza kuwa nyepesi.

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, na haifai kuificha dosari ya mtu huyu. Afrika ilikuwa na mgawanyiko mkubwa wa kanisa kati ya Wakatoliki na Wadonati. Mwanzoni Augustino alishikilia kwamba watu washawishiwe kwa hoja peke yake. Baadaye, alipoona sheria za Kaisari zikiwarudisha wengi, aliunga mkono faini na shinikizo la serikali dhidi ya Wadonati, ingawa alipinga wasiuawe. Kwa maoni yangu hapo aliteleza, na wengine katika karne zilizofuata waliyatumia maneno yake kuhalalisha mateso. Ni ajabu kwamba mwandishi aliyetufunza tusiuegemee mji wa dunia aliuegemea pale ulipomfaa. Kanisa lolote linalofurahia kukaa meza moja na watawala na lilitafakari jambo hilo.

Penye dhiki ya watu wa kawaida, hata hivyo, hakuteleza. Katika barua iliyogunduliwa na kuchapishwa katika karne ya 20, anasimulia jinsi wafanyabiashara ya watumwa walivyokuwa wakiwateka nyara watu wa vijijini na kuwapakia melini, na jinsi waumini wa Hippo walivyowaokoa watu wapatao 120. Alimwomba rafiki yake Alypius azitafute sheria za kukomesha uovu huo, lakini akaonya kwamba adhabu ya kupigwa kwa mijeledi ya risasi isitumiwe, kwa kuwa ingeweza kuua. Possidius, aliyeandika habari za maisha yake, anaeleza kwamba fedha zilipokwisha askofu aliamuru baadhi ya vyombo vya ibada viyeyushwe ili mateka wakombolewe na maskini wasaidiwe. Walikuwapo walionung'unika. Yeye aliona kwamba dhahabu ya altare haina kazi bora kuliko hiyo.

Mwaka wa 429 Wavandali, chini ya mfalme wao Gaiseric, walivuka kutoka Hispania wakaingia Afrika, wakichoma na kuteka. Askofu mwenzake, Honoratus, akamwuliza: je, tukimbie? Jibu la Augustino lilikuwa la busara. Anayewindwa yeye binafsi anaweza kukimbia, iwapo wapo wengine wa kuwahudumia watu. Lakini hatari ikiwa ni ya wote, wachungaji wasiwaache wale wasioweza kuondoka. Na ikiwa ni lazima baadhi wahifadhiwe kwa ajili ya siku za mbele, basi wapige kura, ili asiwepo wa kujiona bora wala wa kuitwa mwoga.

Yeye mwenyewe alibaki. Mwaka wa 430 Wavandali waliuzingira mji wa Hippo uliojaa wakimbizi. Katika mwezi wa tatu wa kuzingirwa alishikwa na homa. Aliomba zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani mkabala na kitanda chake, akazisoma huku akilia, na kwa siku kumi hivi hakutaka kuonana na mtu ila waganga na waliomletea chakula. Alifariki tarehe 28 Agosti akiwa na umri wa miaka 75. Hakuacha wasia, kwani hakuwa na mali ya kurithisha. Aliagiza tu kwamba maktaba ya kanisa itunzwe. Baadaye mji uliachwa na kuchomwa, lakini vitabu vile viliokoka. Dola ya Roma ya Magharibi ilikoma mwaka wa 476. Maandishi ya mwalimu wa Thagaste yangali yanasomwa, na Papa Leo wa 14, aliyechaguliwa mwaka wa 2025, ametoka katika shirika la watawa linaloitwa kwa jina lake.

Nimeyasimulia haya kwa walimu na wanafunzi kwa sababu sisi nasi hatujui kesho ya nchi itakuwaje, na wapo wanaotuuzia majibu mepesi, wengine wakiwa na Biblia mkononi. Augustino hakuahidi kwamba Hippo haitaanguka, nayo ikaanguka. Hakusema pia kwamba kwa kuwa itaanguka, basi kazi ya leo haina maana. Tumaini lake lilikuwa mahali ambapo Alaric na Gaiseric hawakuweza kufika, na kwa sababu hiyo mikono yake ilikuwa huru kufanya kazi iliyokuwa karibu: kuwavika maskini, kukomboa mateka, kuamua kesi ya mjane, kuandika.

Mwalimu ambaye mshahara wake umechelewa ana haki ya kuudai, na audai kwa sauti. Lakini siku hiyo hiyo yumo darasani mtoto ambaye mwaka huu huenda ukawa ndio mwaka wake wa kuharibikiwa au wa kuokoka, na pengine kijijini mwake yupo Romanianus ambaye hajaambiwa habari zake. Mwalimu na aende amwambie.