Mtakatifu Lidwina wa Schiedam na Maradhi Yake

Mtoto akilegea viungo pasipo sababu ionekanayo, majirani huanza kumtafuta aliyeroga, au kuulizana wazazi wametenda dhambi gani. Kwa ajili ya nyumba zenye msiba wa namna hiyo twaeleza leo habari za Mt. Lidwina.

Alizaliwa Schiedam, Uholanzi, Dominika ya Matawi, tarehe 18 Machi 1380, binti wa pekee kati ya watoto tisa. Baba yake, Pieter, alikuwa mlinzi wa usiku, mtu maskini. Katika majira ya baridi ya 1395 kuingia 1396, maji yalipoganda yakawa magumu kama sakafu, rafiki zake walimwita wakateleze juu ya barafu. Mwenzake mmoja akamgonga, naye akaanguka akavunjika ubavu. Basi, tangu siku ile msichana hakupona. Miguu ikawa mizito, akawa akienda kwa kushika kuta na viti, hata mwisho akalala asiinuke tena. Jicho moja likapofuka, la pili halikuweza kustahimili mwanga. Waganga walishindwa.

Wala tusidhani kwamba aliyapokea hayo kwa furaha. Miaka ya kwanza alilia sana, asitake kufarijiwa. Padre Jan Pot ndiye aliyemfundisha, polepole, kuyatafakari Mateso ya Bwana. Paroko wake, kinyume chake, alimshuku kuwa mdanganyifu, jambo ambalo sisi mapadre twalisoma kwa haya. Lidwina alifariki Jumanne ya Pasaka, tarehe 14 Aprili 1433.

Mwaka 1868 mganga Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza barabara ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi, na katika karne ya 20 wataalamu waliosoma maisha ya Lidwina waliona dalili zake zafanana nao sana. Kuthibitisha haiwezekani. Katika ugonjwa huu askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, huligeukia ganda la mafuta lililofunika nyuzi za fahamu katika ubongo na uti wa mgongo, wakalila. Chembe za mwili huwaonyesha askari hao vipande vya vijidudu kwa njia ya vishikizo vinavyoitwa HLA, na kila mtu hurithi aina zake. Mwenye aina ya DR15 yumo hatarini kama mara tatu kuliko asiye nayo. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 waonyesha kwamba urithi huo uliletwa kaskazini mwa Ulaya na wafugaji waliotoka nyika za mashariki yapata miaka 5,000 iliyopita. Yumkini uliwakinga na maradhi ya mifugo. Kilichowafaa mababu kikawadhuru wajukuu.

Lakini urithi peke yake hautoshi. Pacha wa kufanana akiugua, mara nyingi mwenzake haugui kamwe. Virusi vya Epstein-Barr vina sehemu kubwa, kama ilivyoonekana mwaka 2022. Basi wako wapi hapo wachawi, na dhambi ya Pieter ni ipi?

Masalia ya Lidwina, yaliyopelekwa Brussels katika karne ya 17, yalirudishwa Schiedam mwaka 1871, na mwaka 1890 Baba Mtakatifu Leo XIII akaithibitisha heshima yake. Wagonjwa wa muda mrefu humwomba awaombee, na vilevile wale watelezao juu ya barafu.