MARTEL: WAKILI ALIYETANGULIA GIZANI ILI WENGINE WAPITE SALAMA

Kila mwaka watalii mamia kwa maelfu hufika katika shimo la Padirac, kusini-magharibi ya Ufaransa. Hushuka kwa lifti au kwa ngazi hadi mita 103 chini ya ardhi, hupanda mashua juu ya mto usiopata kuonwa na jua, kisha huenda kwa miguu wakatazame kuba la mawe lenye kimo cha mita 94. Wazee huenda, na watoto huenda, na wote hurudi salama. Ndugu wasomaji, ni wachache kati yao wajiulizao ni nani aliyepita pale wakati njia ilikuwa haijatengenezwa. Leo tumeona yafaa tueleze habari za mtu huyo, kwani maisha yake yana mafunzo kwa kila avaaye sare.

Jina lake ni Édouard-Alfred Martel. Alizaliwa tarehe 1 Julai, 1859, mjini Pontoise, karibu na Paris. Mwaka 1866, angali mtoto, alipelekwa na wazazi wake kuyaona mapango ya Gargas katika milima ya Pyrenees, na hamu ya mambo ya chini ya ardhi ikamwingia asiachane nayo tena. Alipokua alisomea sheria, akawa wakili mjini Paris. Uwakili ulimpa riziki. Mapango aliyaendea wakati wa likizo.

Mwezi Juni, 1888, pamoja na wenzake, aliufuata mto Bramabiau mahali unapozama ardhini, wakapita nao gizani na kutokea upande wa pili wa mlima. Mwaka uliofuata ikafika zamu ya Padirac. Wenyeji waliliogopa shimo lile, na hadithi zao zilisema kwamba shetani ndiye aliyelitoboa kwa kisigino chake. Tarehe 9 Julai, 1889, Martel na wenzake watatu, Gabriel Gaupillat, Louis Armand na Émile Foulquier, walishuka humo kwa kamba na ngazi za kamba. Chini waliukuta mto. Siku ya pili yake Martel na Gaupillat waliingia katika mashua ndogo ya turubai, nao wakaufuata mto huo kwa muda mrefu ndani ya giza, wakiwa na mwanga mdogo waliouchukua wenyewe.

Msomaji asidhani kwamba huo ulikuwa ujasiri wa kubahatisha. Martel hakujitupa shimoni kwa kutaka sifa. Alipima kina kwanza, akachagua kamba na ngazi za kutosha, akachukua mashua iwezayo kukunjwa, na akatumia simu ndogo ya waya ili aliye chini aweze kusemezana na walioshika kamba juu. Sisi tuliofundishwa kwamba doria isiyo na mawasiliano ni doria iliyopotea tunaelewa vema maana ya waya ule. Kwa utaratibu huo huo, mwezi Agosti, 1895, alishuka katika shimo la Gaping Gill, nchini Uingereza, lenye kina cha mita zipatazo 100, huku maporomoko ya maji yakimwagika kando yake. Mwaka huo huo aliunda mjini Paris chama cha wachunguzi wa mapango.

Sasa na tumtazame yule Louis Armand. Huyu hakuwa msomi wala tajiri, bali fundi wa vyuma wa kijiji cha Le Rozier. Mwezi Septemba, 1897, aligundua mdomo wa shimo katika nyanda kavu za Causse Méjean, akamwarifu Martel. Armand ndiye aliyetangulia kushuka, akakuta ukumbi mkubwa wenye msitu wa nguzo za mawe zilizoota kutoka sakafuni, zipatazo 400, na moja yao hufikia kimo cha mita 30 hivi. Martel angeweza kulipa shimo lile jina lake mwenyewe, wala hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliliita Aven Armand. Fundi huyo alifariki mwaka 1921, na pango likafunguliwa kwa watalii mwaka 1927. Lakini kila aingiaye humo hulitaja jina lake. Kiongozi atoaye heshima kwa aliye chini yake hapungukiwi na kitu.

Hata hivyo, kazi kubwa kupita zote haimo katika mapango ya kutazamwa. Mwaka 1891, katika wilaya ya Lot, Martel alikunywa maji ya chemchemi yaliyoonekana safi kabisa, akaugua. Katika shimo lililokuwa juu ya chemchemi ile mlikuwamo mzoga wa ndama uliooza. Akatambua kwamba mawe ya chokaa hayachuji maji kama mchanga uchujavyo. Maji hupenya kwa haraka katika nyufa, yakichukua uchafu wote hadi kisimani. Wakulima wengi walikuwa na desturi ya kutupa mizoga mashimoni, na wenzao wa bondeni waliugua homa ya matumbo bila kujua sababu. Martel aliandika na kuhimiza kwa miaka mingi, mpaka sheria ya afya ya tarehe 15 Februari, 1902, ikapiga marufuku kutupa mizoga na takataka zinazooza katika mashimo ya namna hiyo. Waliookolewa na sheria hiyo hawakupata kumjua.

Padirac ilikuwa imekwisha jengewa ngazi za chuma na kufunguliwa kwa watu wote mwaka 1898. Martel aliendelea na uchunguzi, na mwaka 1905 akapita pamoja na kikosi chake katika bonde refu la mto Verdon. Alifariki tarehe 3 Juni, 1938, karibu na Montbrison, akiwa na umri wa miaka 78.

Askari apigaye kambi kando ya chemchemi na ayakumbuke maisha haya. Maji yang'aayo si lazima yawe maji safi. Kwanza atumwe mtu apande juu akaangalie yanakotoka. Na yule atanguliaye mbele ya wenzake ajue kwamba kazi yake haikamiliki kwa yeye kufika, bali kwa wanaomfuata kupita salama.