Kichezeo Kilichomwinua Orville Wright

Nikiwa mwalimu kijana hapa Katelembo, Machakos, nilimnyang'anya mwanafunzi ndege aliyoichonga kwa mti mwepesi wa mkonge. Somo lilikuwa hesabu. Niliivunja mbele ya wenzake. Tangu hapo, kila nisomapo maisha ya Orville Wright, uso wa mtoto yule hunijia.

Orville alizaliwa Dayton, Marekani, tarehe 19 Agosti 1871. Mwaka 1878 baba yake, aliyekuwa askofu, alirejea safarini na kichezeo kilichopaa kwa nguvu ya utepe wa mpira uliosokotwa. Kilitokana na ubunifu wa Mfaransa Alphonse Pénaud. Orville na kaka yake Wilbur walikirusha hadi kikavunjika, kisha wakajiundia vingine. Walipoviongeza ukubwa, viligoma kuruka. Hawakujua bado kwamba chombo kikiongezwa vipimo maradufu huhitaji nguvu mara 8.

Shuleni mwalimu alimkuta Orville akishughulika na vipande vya mbao dawatini. Mtoto akajieleza kuwa alikuwa akiunda chombo cha kuruka.

Hakuhitimu sekondari. Alifanya kazi ya uchapaji, kisha yeye na Wilbur wakafungua duka la baiskeli. Hata hivyo, ndugu hao hawakudharau vielelezo vidogo. Mwaka 1899 walitumia tiara kujaribu mbinu ya kupinda mabawa. Mwaka 1901 walipima mabawa madogo yapatayo 200 ndani ya sanduku lililopitishwa upepo, wakapata vipimo vyao wenyewe badala ya kutegemea hesabu za wengine. Tarehe 17 Desemba 1903, karibu na Kitty Hawk, Orville aliruka kwa ndege yenye injini kwa sekunde 12, umbali wa mita 37 hivi. Wilbur alifariki mwaka 1912. Orville aliishi hadi 1948, na mwaka 1925 alipata hataza ya kichezeo cha watoto.

Siku hizi ndege za kuunganishwa huuzwa zikiwa vipande vya mti wa balsa vilivyokwisha kukatwa. Ni vitu vizuri, lakini balsa hutoka mbali, hasa Ekwado, na bei yake si ya kila mzazi. Mkonge umeota kwenye nyua zetu. Kisu, gundi na mwalimu mvumilivu vyatosha kuanzia.

Sisemi somo la hesabu ligeuzwe mchezo. Nidhamu ina mahali pake. Mwalimu mwenzangu, ukiikuta ndege dawatini, iweke kando hadi mapumziko, kisha muulize mwenyewe kwa nini pua yake huinama, na uzito uongezwe wapi. Hiyo nayo ni hesabu. Mimi sikuuliza, na jibu la mtoto yule sitalipata kamwe.