Az-Zahrawi na Ugonjwa wa Ngiri

Ukipita Handeni au Korogwe utawaona watu waishio kwa nguvu za mikono yao, wachukuao magunia ya mahindi na wakatao mkonge. Miongoni mwao hawakosekani wenye uvimbe wa kinena uingiao walalapo na kutokeza wasimamapo. Hiyo ndiyo ngiri: utumbo hupenya mahali palipo dhaifu katika ukuta wa tumbo. Wengi huificha kwa haya, au huidhania kuwa busha. Basi yafaa tumkumbuke mtu aliyeishughulikia miaka elfu moja iliyopita.

Abul-Qasim Az-Zahrawi alizaliwa yapata mwaka 936 katika mji wa Az-Zahra, karibu na Cordoba, Hispania, zama za utawala wa Waislamu. Baada ya kutibu watu kwa miaka mingi aliandika kitabu At-Tasrif, chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho yahusu upasuaji, nayo ina picha za vyombo vipatavyo 200. Katika karne ya 12 ilitafsiriwa kwa Kilatini, na matabibu wa Ulaya wakajifunza kwayo karne nyingi.

Kwa ngiri alifundisha utumbo urudishwe ndani, kisha mahali pale pachomwe kwa chuma cha moto ili kovu lizibe njia. Alionya kwamba utumbo usitokeze wakati huo, kwani ukiungua mgonjwa hufa. Tena alisimulia habari za tabibu mjinga aliyepasua uvimbe wa shingo ya mwanamke, akakata mishipa ya damu, na mwanamke akafa. Hivyo aliwataka wapasuaji waujue mwili kabla ya kushika kisu. Alifariki yapata mwaka 1013.

Chuma cha moto kimeachwa, bali onyo lake lingali hai. Mwaka 1887 Edoardo Bassini wa Italia alitangaza njia ya kuushona upya ukuta wa tumbo. Siku hizi madaktari huweza pia kutia kipande cha wavu ili kuutegemeza, ama kwa mpasuo wa kinena, ama kwa matundu madogo wakiongozwa na kamera. Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wavu wa bei nafuu wa kitambaa cha chandarua, uliotakaswa vema, ulifaa sawa na ule wa ghali.

Basi, ndugu, usione haya. Uvimbe ukikataa kurudi, ukauma na kuleta kutapika, usingoje asubuhi wala usimwite mkataji asiye na elimu. Nenda hospitali mara moja, iwe ya Handeni au Magunga ya Korogwe. Kwani utumbo ulionaswa huoza kwa muda mfupi, na kuchelewa huua.