Ernst May: Mkimbizi aliyesanifu hospitali ya uzazi Kisumu

TANGU Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, majengo mapya, zikiwamo hospitali, yamezidi kuongezeka katika nyanda hizi za kati zenye jua kali na upepo wa vumbi. Swali la namna ya kumkinga mgonjwa dhidi ya joto bila kumnyima hewa si geni katika Afrika Mashariki. Lilimshughulisha kwa miaka mingi msanifu majengo Mjerumani, Ernst May.

May alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, Julai 27, 1886. Kati ya mwaka 1925 na 1930 alisimamia ujenzi wa jiji hilo, ambapo zaidi ya nyumba 10,000 za wananchi wa kipato cha kawaida zilijengwa. Mwaka 1930 alikwenda Umoja wa Kisovieti kupanga miji mipya ya viwanda. Kazi hiyo ilipokoma mwaka 1933, Wanazi walikuwa wamekwishashika madaraka nchini mwake, naye, akiwa na asili ya Kiyahudi, hakuweza kurejea.

Mwaka 1934 aliingia Tanganyika na kuwa mkulima karibu na Arusha. Mwaka 1937 alirudia taaluma yake kwa kufungua ofisi mjini Nairobi. Hata hivyo, Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Waingereza walimhesabu kuwa raia wa nchi adui na kumweka kizuizini Afrika Kusini, ingawa utawala wa Hitler ndio uliomfanya mkimbizi.

Kazi zake nyingi zinazokumbukwa katika ukanda huu zilifuata baada ya vita. Mjini Moshi alisanifu jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Kisumu, alisanifu hospitali ya uzazi ya Aga Khan. Katika majengo yake ya Afrika, jua na upepo vilikuwa msingi wa ramani: upande mrefu wa jengo kukwepa jua la jioni, kuta kupata kivuli, na hewa kupenya kutoka upande mmja hadi mwingine.

Sifa hizo hazifuti doa lililopo. Mpango wake wa kupanua Kampala, uliochapishwa mwaka 1947, uliendeleza utaratibu wa kikoloni wa kutenga makazi ya Waafrika, Wahindi na Wazungu.

Alirejea Ujerumani miaka ya mwanzo ya 1950, akafariki dunia Hamburg, Septemba 11, 1970.

Miaka 39 baadaye, mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wa kutumia hewa ya asili kupunguza maambukizi katika vituo vya afya. Kwa wodi isiyokuwa na viyoyozi, au inayokatikiwa umeme, dirisha lililowekwa mahali pake ni sehemu ya tiba. Hospitali za zama za May zinastahili kuchunguzwa kwa jicho hilo kabla ya kuvunjwa kwa sababu tu zimechakaa.